Wayo

Furu ana miezi kumi na mmoja,
na tangu Jumanne anazunguka kushoto tu:
anaizunguka ndoo, analizunguka jiko,
ananizunguka mimi kama nguzo.

Mabatini wameshaokota mawe.
"Kichaa hicho, Lushinge, kiwahi!"
Nikamtia guniani, kichwa nje,
tukateremka mwamba kwa mwamba
hadi Kirumba, kwa Daktari Nyamizi.

Chanjo? Kadi hii hapa.
Sumu ya panya? Hapana.
Kupe? Akapekua masikio mwenyewe.
Akaleta kiganja ghafla kwenye jicho la kulia.
Halikupepesa.
Kisha akaupindua wayo wa mbele,
akauweka mezani kwa mgongo wake,
akangoja.

Mbwa mzima huurudisha hujavuta pumzi.
Furu aliuacha pale
kama kiatu cha mtu mwingine.

"Uvimbe. Ndani ya ubongo, kushoto, nadhani."
"Mtoto huyu?"
"Ni nadra. Nadra si kamwe."

Mashine ya kuchungulia fuvu iko kilimani,
ya watu.
Ya mbwa iko mbali kuliko mshahara wa mlinzi.

"Basi hujauona."
"Sijauona. Lakini mvua ya Ukerewe
tunaijua kabla haijavuka maji."

Vidonge vya kifafa: nusu asubuhi, nusu jioni.
Hakusema hadi lini, sikuuliza.

Sasa lindoni, saa tisa usiku,
nimehamisha ndoo, nimehamisha jiko,
njia yake iwe nyeupe.
Anazunguka.
Wayo ukipinduka
nainama, nauweka sawa,
naye ananilamba mkono
kwa upande ule anaouona.