Nusu Inchi

Mimi fundi cherehani, kibanda changu kiko Kibokoni
kati ya muuza viazi karai na duka la simu,
na siri za mji huu nimezishika kwa futi, si kwa masikio.
Mdomo husema, "Sijanenepa."
Futi haina adabu hiyo.

Mwalimu Thureya alikuja Mfungo Pili
na hariri ya kijani, ya mkopo,
harusi ya bintiye imebakisha wiki tatu.
"Lishone arubaini," akasema.
Kiuno kilikuwa arubaini na sita.
"Hizo sita usijali, nitaziacha njiani."
Nikashona arubaini. Lakini ndani, kimya,
nikaacha inchi tatu za kitambaa kila upande.

Basi akawa anaamkia siki na ndimu,
anakunywa majani machungu aliyoletewa na shoga yake,
mchana tango, usiku hasira.
Wiki ya pili alikuja kujaribu gauni
akaniangukia juu ya meza ya pasi.
Pini zikamwagika. Muuza viazi akaja mbio na sharubati ya ukwaju.
Alipozinduka, neno la kwanza: "Pasi mmeizima?"
La pili: "Hiyo ina sukari?"

Nilimwambia naweza kulifungua. Alikataa.
Harusini akavaa dera,
na gauni likabaki kwangu, msumarini, mikono imelegea,
kama mtu aliyealikwa akakosa kufika.

Hakuja tena hadi maulidi yakapita.
"Natembea," alisema, kama anayekiri deni.
Baada ya alfajiri, yeye na jirani yake Mwanakombo,
kutoka Ngomeni mpaka Mama Ngina,
raba za mwanawe miguuni,
bahari iko kushoto, wala hawaitazami,
wanasengenya watu huku pumzi ikipanda.
Wali wa nazi bado ni wali wa nazi,
ila sahani ni ile ndogo yenye maua,
na mchicha umekalia nafasi ya sambusa ya tatu.
Mahamri, Ijumaa. Mawili. Huyala ameketi,
si kwa kujificha nyuma ya mlango wa jikoni.
Na usingizi (hili lilinishangaza):
saa nne yuko kitandani, simu ameiacha sebuleni ilie peke yake.

Nikampima. Arubaini na tano na nusu.
"Miezi miwili, nusu inchi," nikaropoka, nikajuta.
Yeye akacheka.
"Hii nusu ni yangu, fundi. Zile sita zilikuwa za harusi."

Wahenga walisema kidogo kidogo hujaza kibaba.
Hawakusema kikishafurika hupunguzwaje.
Nadhani ni kwa mkono ule ule.

Ramadhani ikaja na tambi, na kaimati, na jamaa kutoka Malindi.
Nusu moja ikarudi, ikaja na mwenzake.
Nikasema basi, huyo simuoni tena.
Mfungo Mosi, siku ya nane, huyo mlangoni,
raba zimechakaa upande mmoja.
"Pima," akasema. "Mwezi umeandama kwa wote, hata kwa kiuno."

Leo ni arubaini na tatu.
Daktari amemwondolea kidonge kimoja cha presha;
anakitaja kama mtu anayetaja mjukuu.
Nikalishusha gauni, nikapangusa vumbi,
nikafumua inchi moja na nusu kila upande.
Gauni likapanda, mwenyewe akashuka,
wakakutana katikati, mbele ya kioo changu chenye ufa.
"Harusi ya nani?" nikauliza.
"Hakuna harusi. Leo Jumanne."

Kitambaa kilichobaki ndani ya mshono sikukikata.
Mwili una safari zake.

Jioni nikafunga mlango, nikajizungushia futi.
Namba sisemi.
Asubuhi muuza viazi akaniita: "Fundi, ya kawaida?"
Nikafikiri kidogo.
"Nusu," nikamwambia. "Na kachumbari ongeza."