Hatua Sita

Kati ya mlango wangu na wake ni hatua sita.
Nimezihesabu nikiwa na sahani mkononi,
viazi vikipoa, samaki akiganda mafuta,
na sauti ya ndugu yangu huko ndani ikiamuru:
"Kushoto! Kushoto! Msimwache mganga peke yake!"
Mama husema, angalau bado anawajali watu.

Hapa Kemi, mwezi wa Desemba, jua ni tetesi.
Huchungulia saa tano, likaona tulivyo, likajiondokea.
Ilpo hakulihitaji. Alikuwa na lake,
inchi ishirini na saba, lisilotua.

Zamani alikuwa golikipa wa magongo ya barafuni.
Glavu zake bado zimening'inia ukumbini,
zimekakamaa kama ng'onda.
Mwanzo mchezo ulikuwa wa Jumamosi.
Kisha ukawa wa goti lililoteguka.
Kisha chuo cha useremala kikaandika barua,
kisha kikaacha kuandika.
Reetta alikuja mara mbili na mkate wa iliki,
akaketi kwenye sofa, akala kipande chake, akaenda.

Siku daktari wa Oulu alipotaja Alhamisi,
na mama akaiandika kwenye kalenda kwa penseli,
kana kwamba moyo waweza kufutwa ukapangwa upya,
niligonga. "Dakika tano."
Nikagonga tena. "Dakika tano."
Dakika tano za Ilpo zina miaka minne.

Basi nikamfuata huko aliko.
Nikajisajili. Nikapewa fimbo na kaptura.
Nguruwe mwitu akaniua. Nikafufuka, akaniua.
Usiku wa kwanza nilikufa mara kumi na moja,
mimi, mhasibu wa bandari, mwanamke wa miaka thelathini na minne.

Usiku wa tatu nikaifikia ngome yake.
Mlinzi, labda mtoto wa Lima, labda babu wa Osaka,
akaniuliza ngazi yangu. "Ya pili."
Wakacheka kwa herufi.
Ndipo akatoka.
Jamani, mrefu! Joho la manyoya meupe likiburura theluji.
Mtu asiyekumbuka kukata kucha
aliinua mkono, na watu mia mbili wakanyamaza.
Nilitaka kumchukia.
Nikajikuta nimesimama wima kama wengine.

Nikaandika: "Mama anapasuliwa moyo Alhamisi."
"Wewe nani?"
Nikaandika jina alilonipa
kabla hajaota meno ya mbele.

Nyuma ya ukuta, kiti kikalia.
Kimya. Kimya cha kweli, si cha mchezoni.
Kisha akanivua fimbo, akanivika deraya yake,
ile aliyoikeshea majira mawili ya baridi.
"Vaa. Usife tena."
Hakuandika zaidi.
Nililia juu ya kibodi kama mjinga,
maana ndicho alichokuwa nacho.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa ukumbini,
koti la zamani, zipu haifungi,
akikunja macho kwa taa ya ngazi.
Ndani ya treni kidole gumba kilibonyeza goti njia nzima.
Hospitalini alimwambia mama, "Umekonda."
Mama akamwambia, "Wewe umenenepa."
Wakacheka, wote wawili, kwa midomo.

Usisubiri niseme amepona.
Mama kapona. Ilpo alirudi kitini usiku uleule,
ila mlango sasa huuacha wazi upana wa kiganja,
na sahani hurudi zimeoshwa, povu bado ukingoni.

Nami, nisijifanye mtakatifu,
saa nane usiku, nyumba ikishalala,
huwasha mashine niangalie kama deraya ipo.
Ipo.
Natembea kidogo. Nguruwe ananikwepa.
Dakika tano tu.