Zege

Muulize Mzee Pazi wa Tandika nani alianza,
atajipiga kifua.
Muulize Temba wa Sinza, naye hivyo hivyo.
Kila karai lina mwanzilishi wake.

Mimi nakumbuka usiku wa mgawo wa umeme,
Temeke, nyuma ya hospitali.
Shangazi Mwamvita na ndoo ya viazi,
trei ya mayai yenye nyufa
aliyoachiwa kwa nusu bei.
Wakaja vibarua watatu wa ghorofa,
saruji kwenye kope,
hela ya sahani moja.

Hakusema kitu.
Akavunja mayai juu ya chipsi,
akafunika kwa sahani ya bati, akapindua.
Vikashikana.

“Hili zege,” akasema mmoja, mdomo umejaa,
“na zege halilali.”
Wakalimaliza wamesimama.

Leo linapinduliwa kila kona,
kachumbari pembeni, tomato iliyozidi maji,
vijiti viwili vya meno.
Shangazi hana hata kibao.
Sijui kama ni yeye. Yeye mwenyewe hakuwahi kudai.

Lile ghorofa nalipita kila Jumatatu.
Lina ufa, kuanzia dirishani hadi chini.