Ua la Deni

Mwalimu wa mazoezi alikaa nasi wiki sita,
akaondoka na chaki zake, akatuachia mikunjo:
pembe kwa pembe, kisha tena pembe kwa pembe,
piga pasi kwa ukucha, fungua,
usiogope alama, alama ndiyo njia.

Karatasi iwe mraba, alisema.
Kwetu, Barabara ya Kumi na Tatu,
hakuna kilicho mraba ila vigae vya chooni.
Lipo daftari la madeni la mama, refu kidogo.
Nikachomoa ukurasa, nikakunja ziada,
nikaulamba mkunjo ukachanika sawa.
Ulimi ukabaki na ladha ya wino.

Mama anatunga vikuba.
Asumini, mrehani, langilangi,
mkadi mwembamba, kilua kimoja katikati.
Alhamisi Ngamiani yote hupita kibarazani petu.
Lakini tangu homa ya Juni
pua yake imefunga duka.
Hajamwambia mtu.
Huniita mimi, hunisogezea kiganja:
"Hii imevunda?"
Nanusa. Nasema, bado mama.
Au nasema, tupa.
Siku moja nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza,
nikasema bado, na haikuwa bado.
Bi Mwanashehe alikirudisha kikuba ndani ya gazeti,
hakusema neno, alikiweka tu.
Mama akaniangalia
kama mizani iliyoibiwa jiwe.

Ua la kwanza likawa kofia.
La pili likapasuka kitovuni.
La tatu nilishusha pumzi kwanza,
nikakunja polepole, nikakosea, nikarudi nyuma,
nikaingiza kidole mfukoni mwa karatasi
na karatasi ikafunguka
yenyewe, kama imechoka kuficha.
Nikachukua sindano ya kutungia,
nikaviringisha petali moja moja zikalala nje,
midomo minne
ya watu waliotaka kusema wakaghairi.

Mama akatoka uani, mikono mibichi.
Akalichukua, akalipeleka puani,
mazoea yana tabu,
kisha akanisogezea:
"Linanukia nini?"

Nikavuta pumzi mpaka mwisho wa kifua.
"Hakuna kitu, mama."
"Hata wewe?"
"Hata mimi."

Akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi,
akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya leso,
akacheka tena.
Tangu Juni
pua zetu mbili hazijawahi kulingana.

Halafu akaona wino.
Petali ya kwanza: *Nargisi*.
Ya pili: *vikuba sita, haru*,
na mkunjo umemeza kilichobaki.
"Wewe! Umekunja deni la watu?"

Akalifungua lote, taratibu,
kama anayemvua nguo mtoto aliyelala.
Sita. Harusi. Na koja la mkadi, juu ya hapo.
Bibi harusi sasa ana mtoto anayetembea.
Karatasi ikalala gotini imejaa mistari
kama kiganja cha mtu mzima.
Aliitazama muda mrefu kuliko hesabu inavyotaka.

"Haya, lirudishe."
"Rudisha wewe. Alama zipo."

Vidole vyake vinajua fundo, havijui mkunjo.
Alibonyeza pasipobonyezwa, akaguna,
akamlaani mwalimu wa mazoezi na ukoo wake,
lakini karatasi ilikuwa inakumbuka,
ikawa inamvuta mkono,
hapa, sasa hapa, sasa geuza.
Lilitoka limepinda shingo.
Sikuligusa.

Alhamisi likakaa kwenye sinia katikati ya vikuba,
saa mbili usiku vingine vimeanza kulegea, lenyewe wima.
Mteja akaliinua, akalinusa, akashangaa,
akauliza bei.
"Hilo lina mwenyewe," mama akasema,
"hajaja kulipa."

Kisha, bila kugeuka,
akanisogezea kiganja kwa nyuma,
asumini tatu, jasho, uzi.
"Na hii?"

Nikainama.
Nikanusa mara mbili.
Nikasema kweli.