Ngoja Sukari Ielee

Saa tisa za usiku, Sohari.
Mashine nne zimenyamaza, ya tano inakohoa,
na Luzviminda anamenya viazi vitamu
juu ya karai la mashuka ya hospitali.

Jina lake, alinambia, ni visiwa vitatu
vilivyoshonwa kwa uzi mmoja.
Mie wa Konde, Pemba:
kisiwa kimoja tu, na kinanielemea.

Viazi kavinunua kwa yule Mbangali wa sokoni,
ngozi nyekundu, mchanga wa Misri ungali mikunjoni.
Vijiti hakuna. Kachuma njukuti za mtende
pale penye mzunguko wa barabara,
kazichonga kwa mkasi wa kukatia nyuzi.

Halafu nikamwona anafungua mfuko wa sukari.

We mwanamke! Kiazi kitamu,
jina lenyewe lishasema, nawe wakitia sukari?
Si kumpaka wanja bundi huko?
Kwetu huchemshwa, kikaliwa na chai ya rangi,
au kikapikwa kwa nazi siku mgeni akija,
na chumvi. Chumvi tu.

Hakunijibu. Mafuta yalikuwa yamepata moto
kwenye jiko la umeme tulilolificha nyuma ya ndoo za sabuni.
Akamwaga sukari. Ikazama.
Nikanyoosha mwiko nikoroge, akanigonga kidole:
"Usiguse. Ngoja ielee,"
kwa Kiarabu chetu kibovu,
Kiarabu cha mashine na mishahara.

Tukangoja.
Wanawake wawili ambao watoto wao wanakulia ndani ya simu,
tumeinamia sufuria kama wapiga ramli.
Ikaelea: kwanza povu, halafu utando,
halafu kaharabu.
Akatosa vipande, vikavaa.

Kilivunjika mdomoni kama kioo cha kandili,
na ndani, ndani kabisa, kiazi cha bibi yangu
kimekaa kimya, kama jirani wa kwenu
uliyemkuta harusini ugenini
kavaa nguo za kuazima.
Nikasema: "Tena."
Ndilo neno la kwanza la Kiswahili alilolichukua.

Hapo akaamka Yakdhani, msimamizi,
ambaye maana ya jina lake ni aliye macho
na ambaye hulala tangu saa sita.
Kasimama mlangoni, kanzu imekunjamana,
akatazama jiko, akatazama ndoo,
akachukua kijiti kimoja
akarudi kulala.

Tungesalimika, lau si mashuka.
Harufu iliyaganda.
Asubuhi, wodi ya wazee, bibi mmoja wa Saham
akakataa kubadilishiwa shuka.
"Hili lanuka halua," kasema, "halua ya ndoa yangu.
Msiniondolee."
Siku tatu kalikumbatia.
Muuguzi akauliza. Mkuu wa wauguzi akauliza.
Ikabandikwa karatasi kwa lugha tatu,
hata moja si yetu:
ni marufuku kupika.

Mkataba wake uliisha mwezi wa Shaabani.
Kaniachia sufuria, njukuti sita
na nusu mfuko, umefungwa kwa mpira wa nywele.

Sasa nakaangia nyumbani, chumba cha watu watano.
Mara ya kwanza nilikoroga. Mkono haukusubiri.
Ikawa nyeusi yote, kama lami
ya njia ya Shinasi mwezi wa nane,
na wenzangu wakafungua dirisha wakinitukana
kila mtu kwa lugha ya mama yake.
Nikala hivyo hivyo, uchungu juu, utamu chini,
nikayapiga picha maafa yangu
nikamtumia visiwani kwake,
ambako kumekwisha kucha.

Alichelewa kujibu. Nikaosha sufuria,
nikasugua, nikalala na masizi kwenye kucha.
Nilipoamka simu ilikuwa na herufi nne:

Tena.