Kidole Kidevuni

Alhamisi, klabu ya viziwi, Łódź. Chai kwenye glasi.
Taa ikazimwa, ikawashwa, mara mbili:
ndivyo tunavyoombana macho.
Ireneusz akapanda juu ya kiti.

Alikuwa na mikono mizuri, nisimnyime haki yake.
Ungemtazama akieleza bei ya viazi
ukasahau kuvua koti.
Bweni tulilala moja. Sista Kunegunda
alituchapa rula vidoleni, sote wawili, siku moja,
kwa kosa la kuongea mezani.
Jina lake la ishara nilimpa mimi, tukiwa na miaka saba:
kidole kidevuni, penye kishimo.
Mimi nikaenda kiwandani, kwenye mitambo ya kufuma
iliyowatia wazimu wenye masikio
na kututetemesha sisi nyayo tu.
Yeye akapotelea Berlini, akarudi na viatu vya ngozi.

"Benki," akaashiria, "inakupa kurasa arobaini
kwa lugha yao. Mimi nimewahi kukupa karatasi?"
Tukacheka hadi vijiko vikatikisika.
Asilimia tatu kila wiki. Umeme wa jua, Ureno.
Simuni, paneli zimelala kondeni
kama madawati ya shule iliyofungwa.
"Ila wasikiao wasijue." Akafumba kiganja. "Hii ni yetu."

Kiganja kile.
Maisha yangu yote siri zilikuwa za wengine:
midomo ya mama na daktari juu ya kichwa changu,
midomo ya majirani ngazini.
Mara hii mlango umefungwa
nami nimo ndani.
Nilitoa zloti elfu sitini na mbili.

Wiki ya kwanza alilipa. Ya pili. Ya tisa.
Halina akanunua mashine ya kufulia,
akatualika tukae tuitazame ikizunguka.
Nikamwingiza wifi yangu, na Wacek fundi viatu,
na wale mapacha wa Pabianice waliouza shamba la baba.
Niliwaingiza. Kwa mikono hii.

Februari, picha yake simuni ikawa duara la kijivu.
Polisi: mkalimani hayupo, rudi Jumanne.
Jumanne alikuwepo, binti aliyejifunzia kitabuni;
neno "ulaghai" akanitafsiria kwa ishara ya "mzaha."
Afisa akanitazama, akasubiri nicheke.

Wasikiao husema, sikio la kufa halisikii dawa.
La kwangu lilikufa na homa, nikiwa na miaka miwili.
Sikumsikiliza Ireneusz. Nilimwona.
Nilimwona vizuri kabisa, mchana, taa zote zikiwaka.

Wacek sasa akiniona hufumba macho.
Nyinyi mngeita hiyo hasira.
Kwetu ni kumkata mtu ulimi akiwa katikati ya sentensi.
Mapacha wangali wanaamini atarudi; wameshaweka
hata tarehe. Halina ameuza mashine.

Klabuni tumemnyang'anya jina.
Akitajwa, hutajwa kwa herufi, nane, moja moja,
kama tunavyotaja dawa, au mgeni
ambaye bado hatujamjua.

Lakini usiku, nikimenya viazi peke yangu,
kisu mkono mmoja,
ule mwingine hupanda wenyewe,
unyevu, na wanga vidoleni,
ukagusa kidevu.