Bomba la Saba

Alfajiri, Maziwa Ng'ombe, kabla mtambo haujaguruma,
mie nishachuchumaa mbele ya mabomba kumi na manne
na brashi ya waya, kopo la mafuta ya taa, kipande cha chaki ya skuli.
Wengine huja kutazama keekee likitafuna jiwe.
Mie natazama hesi.
Hapo ndipo bomba linapompa mwenzake mkono,
na kamba hukatikia pembamba.

Jiwe la huku ni tumbawe kongwe, lina mapango, lina meno.
Keekee hudondoka ghafla penye uwazi,
kisha hukwama, na mtambo juu hauna habari, unazidi kuzungusha.
Anayelipa ni kiungo.
Usiku nao upepo wa chumvi hulamba kila chuma
kilicholala bila kufunikwa.

Mwaka juzi, Kiuyu, tuliacha mabomba mawili chini,
futi mia na ishirini.
Fundi Shaame Mcha alisikia mlio, tak, kama mtu avunjaye muwa,
akazima injini, akavua kofia.
Siku nne tulivua kwa ndoana ya chuma.
Ya tano tukamwaga zege, tukaondoka,
kina mama wakitazama ndoo zao, si sisi.
Bomba lililokatika lilikuwa likitangulia siku zote
kwa sababu lilikuwa zuri.

Tangu hapo tuna daftari.
Lililotangulia leo kesho hukaa nyuma,
kama foleni ya ndoo mferejini.
Na Fundi, asiyejua kufundisha bila vina, alinifundisha hivi:

*Futa kwanza hesi zake, ndipo upake girisi;*
*kaza kwa kipimo chake, sikaze kwa wasiwasi.*

Kisha akaongeza, kwa maneno ya kawaida:
ukipaka juu ya mchanga, weye umetengeneza msasa.

Jumatatu zilibaki futi ishirini.
Udongo uliopanda ulikuwa wa baridi;
watoto waliugombania, wakaupaka mashavuni.
Ilikuwa zamu ya la saba kuwabeba wenzake wote.
Nikalifuta kwa mafuta ya taa, nikalikausha,
nikalisugulia chaki, nikangoja.
Chaki ikatoa jasho: mstari mmoja, mwembamba kama unywele,
shingoni, chini kidogo ya hesi.

"Halina neno hilo," akasema sheha, Bwana Hamad Khatib. "Futi ishirini tu!"
"Futi ishirini," nikasema, "na uzito wa yote yaliyomo shimoni."
Kuna aliyecheka. Kuna aliyeuliza
mwanamke na mtambo wapi na wapi.
Fundi hakujibu mtu. Alichukua chaki mkononi mwangu
akalipiga bomba alama ya kosa, kama mwalimu.

Likapanda gari hadi Chake, kwa mkerezaji Mbarouk,
akaikata ile shingo, akalikerezea hesi mpya
zinazong'aa kama meno ya mtoto.
Gharama: shilingi elfu themanini, na siku mbili za kiu ya watu.
Nazo nimeziandika.
Daftari linaloandika faida peke yake ni barua ya posa.

Leo limerudi, fupi kwa inchi nne.
Nimeligonga kwa spana: sauti yake imepanda juu ya wenzake.
Fundi anahesabu kina, futi kumi, ishirini, thelathini,
na kila akilifikia la saba namkatiza:
"Toa inchi nne."
Ananuna.
Anatoa.

Maji yametoka saa kumi, ya tope, yana ladha ya chuma.
Nimewaachia wengine vigelegele.
Mabomba yalikuwa yakipanda moja moja, yamelowa,
na chumvi haina sikukuu.
Nikavuta brashi,
nikaanza na la kwanza.